Mgeni Tumempa Jembe. Sasa Tumpe Kiti Barazani



Katika wiki zako za mwanzo za kujifunza Kiswahili bila shaka ulikutana na methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walimu tunaipenda kwa sababu ni fupi, ina picha, na inafundisha hali ya kuamuru bila jasho. Aghalabu huifafanua kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Leo nakuomba uisome kutoka upande wa pili, upande wa mwenyeji. Methali humwambia mwenyeji ampe mgeni jembe, kisha hunyamaza. Haisemi lolote juu ya siku ya nne, wakati mgeni amekwisha kulima, mazao yamevunwa, na kikao cha kugawana kimeitishwa. Je, aliyelima ataketi katika kikao hicho, au ataambiwa asubiri nje kwa kuwa yeye si wa hapa?

Katika jiji la Kampala siku ya nne imewadia zamani. Majembe yametolewa, viti vimefichwa. Ninakuandikia kukushawishi, wala sijifichi nyuma ya sura ya mwalimu asiye na upande. Nadai kwamba wahamiaji wa Kampala wana haki na wajibu wa kujipanga pamoja na jirani zao raia, mtaa kwa mtaa, kama wafanyakazi na wapangaji, na kwamba siasa inayowafaa katika kazi hiyo ni siasa ya mrengo wa kushoto. Nadai pia kwamba mtu yeyote wa Uganda anayejiita wa mrengo wa kushoto huku akimwacha mhamiaji nje ya mlango amebeba jina bila mzigo wake.

Maneno kwanza, kama ada yetu

Neno la kwanza ni mhamiaji. Kitenzi hama chaeleza kuondoka mahali. Tukikitia katika kauli ya kutendea tunapata hamia, yaani kuhama ili kwenda kuishi mahali fulani. Kwa hiyo mhamiaji hakupewa jina kwa alikotoka, bali kwa alikofika. Anayemwuliza kila siku, "Kwenu wapi?" anamrudisha katika hama, anayemwuliza, "Unakaa mtaa gani?" amemkubali katika hamia. Sarufi imekuwa na ukarimu kuliko serikali nyingi.

Neno la pili ni kibarua. Asili yake ni barua iliyofanywa ndogo, kikaratasi ambacho siku za kazi za mtu zilitiwa alama. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe, naye akawa kibarua. Sikiliza jinsi neno hilo linavyosema kweli hata leo. Kampala wapo wenye kadi ya mkimbizi, wenye barua ya kuomba hifadhi, wenye pasi ya Afrika Mashariki, wenye kitambulisho cha taifa, na wasio na chochote. Anayetaka kuwatawala watu hawa huanza kwa kuwapanga kwa karatasi zao. Anayetaka kuwaunganisha huanza kwa kazi zao.

Neno la tatu ni mrengo wa kushoto. Kwetu mkono wa kushoto hauna sifa njema: hatulii, hatusalimii kwao. Lakini istilahi hii haikutoka katika adabu zetu za mezani. Ilitoka Ufaransa mwaka 1789, ambapo wajumbe waliotaka kupunguza mamlaka ya mfalme waliketi kushoto kwa kiti cha mwenyekiti wa bunge. Tangu hapo, kuwa wa kushoto ni kushika upande wa wanaoishi kwa jasho lao dhidi ya wanaoishi kwa jasho la wengine, na kuamini kwamba wengi wanaweza kujitawala wenyewe. Ukikumbuka hayo mawili hutapotezwa na rangi za fulana wala nyimbo za kampeni.

Ni nani anayelima?

Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.5, na zaidi ya laki moja kati yao wameandikishwa katika jiji la Kampala. Anayeondoka katika makazi kama Nakivale au Kyangwali na kuja mjini huchukuliwa kuwa ameamua kujitegemea. Mgao wa chakula haumfuati huko. Basi hujitegemea. Mama wa Kikongo hutembea na vitenge begani toka Nsambya hadi katikati ya jiji. Kijana wa Kisomali hupakua mizigo Kisenyi. Mburundi hulinda geti la mtu usiku kucha.

Usidhani kuwa mhamiaji ni yule tu aliyevuka mpaka. Nenda Banda, katika mtaa unaoitwa Acholi Quarter, uwaone wanawake wanaoponda mawe ya kokoto kwa nyundo. Wengi walikimbia vita vya kaskazini mwa Uganda. Ni raia kamili wa nchi hii, na bado jiji huwatazama kama wapita njia. Vijana wanaoendesha bodaboda nao wametoka Busoga, Ankole, Masaka na kwingineko. Mmoja ana kitambulisho cha taifa na mwingine ana kadi ya mkimbizi, lakini wote wawili hulala katika chumba kimoja cha matofali, hulipa kodi kwa mwenye nyumba yuleyule, na hukimbizwa na askari walewale wa jiji wanapopanga bidhaa kando ya barabara.

Ni sheria gani inayomlinda mmoja wao asilipwe ujira wa dhihaka? Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda hakijabadilishwa tangu mwaka 1984: ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo leo utanunua rolex mbili au tatu za kando ya barabara, kisha ufunge hadi mwezi ujao. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, Rais akakataa kuutia saini. Angalia basi: kima hicho kinamdhulumu raia na mgeni bila kuuliza karatasi. Ikiwa dhuluma yenyewe haibagui, kwa nini upinzani dhidi yake ubague?

Jiji lililokwisha kuyajua haya

Kuna wanaosema kwamba siasa ya wafanyakazi ni mche wa kigeni usioota katika udongo wa Kampala. Hawajaisoma historia ya jiji lao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 madereva wa magari, wakiwemo Kivu na Ignatius Musazi miongoni mwa viongozi wao, waliunda chama chao. Januari 1945 ukazuka mgomo mkubwa uliosambaa kutoka mji hadi mji. Mwekahazina wa serikali ya Buganda, Serwano Kulubya, alilazimika kujiuzulu. Wakoloni walijibu kwa risasi, kisha wakawahamishia mbali baadhi ya viongozi, Musazi akiwa mmoja wao.

Wala si Waganda peke yao waliokuwa wakifanya kazi. Watu kutoka Rwanda na Burundi walikuwa wameingia Buganda kwa maelfu tangu miaka ya 1920 kulima pamba na kahawa za wengine. Reli ilileta mafundi na vibarua kutoka Kenya, waliokaa Nsambya katika nyumba za shirika. Baada ya vita yalijengwa makazi ya wafanyakazi ya Nakawa na Naguru, na humo Waluo, Waluhya, Waganda, Waacholi na wengineo waliishi ukuta kwa ukuta. Walizungumza nini barazani? Kiswahili. Wapo Waganda wanaokudharau unapojifunza lugha hii, wakisema kwamba ni lugha ya askari na wezi. Waambie kwamba ilikuwa pia lugha ya karakana, ya bomba la maji la pamoja, na ya mkutano wa chama cha wafanyakazi.

Jirani zetu wa Nairobi walikuwa na Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab na kuletwa Kenya mwaka 1927 akiwa mvulana. Alitaka chama cha wafanyakazi wa rangi zote, na mwaka 1937 chama chake kikachukua jina la Afrika Mashariki nzima. Mwezi Aprili 1950 alisimama hadharani Nairobi akadai uhuru kamili, wakati wengi waliojiita wenyeji walikuwa bado wanaomba marekebisho madogo. Mwezi uliofuata alikamatwa. Hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Mhamiaji huyo alilipa kwa miaka kumi na moja ya maisha yake gharama ya uhuru wa nchi ambayo hakuzaliwa ndani yake. Anayesema kwamba mgeni hawezi kuipenda nchi aanze kwa kumjibu Makhan Singh.

Aibu ya mwaka 1970

Sasa nakuomba uvumilie ukurasa mchungu, maana huu ndio moyo wa hoja yangu.

Desemba 1969, chama tawala cha UPC chini ya Milton Obote kilipitisha waraka ulioitwa Hati ya Mtu wa Kawaida, na nchi ikaambiwa kwamba inapiga hatua kuelekea kushoto. Tarehe 1 Mei 1970, sikukuu ya wafanyakazi, Obote alitangaza katika uwanja wa Nakivubo kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya makampuni makubwa zaidi ya themanini. Maneno yalikuwa mazuri. Mtu wa kawaida alikuwa ametajwa kwa jina.

Mwaka huohuo serikali hiyohiyo iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya wapatao 30,000, wengi wao Waluo. Walikuwa watu wa reli, wa viwanda, wa ujenzi. Watu waliokaa Kampala na Jinja miaka mingi, na ambao baadhi yao walikuwa nguzo za vyama vya wafanyakazi. Hawakuwa mabepari. Hawakumiliki hata mojawapo ya makampuni yale themanini. Walikuwa ndio hasa mtu wa kawaida aliyeandikwa katika hati, ila cheti chake cha kuzaliwa kilitoka upande wa pili wa mpaka.

Huo ndio mfano wa mrengo wa kushoto unaojengwa kutoka juu. Unataifisha viwanda na kumfukuza mfanyakazi. Januari 1971 wanajeshi waliiangusha serikali ile, na mitaani Kampala watu wengi walishangilia. Sisemi kwamba mapinduzi yalitokana na kufukuzwa kwa Wakenya. Nasema kwamba serikali iliyojiita ya mtu wa kawaida, saa ya hatari ilipofika, haikumkuta mtu wa kawaida akiwa tayari kugoma kwa ajili yake. Ilikuwa imekwisha kumfundisha kwamba ajira ni zawadi ya taifa na si tunda la mshikamano.

Na mlango uliofunguliwa haukufungwa upesi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Oktoba 1982 maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika makazi yao Ankole. Kila mara kundi lililofukuzwa lilikuwa jingine, na kila mara sentensi ilikuwa moja: matatizo yetu yameletwa na wageni. Baada ya kila msafara kuondoka, bei hazikushuka na mishahara haikupanda.

Sheria inasema nini?

Wewe unajifunza uraia pamoja na lugha, kwa hiyo tusome kwa makini. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 29, inampa kila mtu uhuru wa kujumuika. Katika ibara ya 40 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama cha wafanyakazi au kujiunga nacho, kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, na kugoma kwa mujibu wa sheria. Angalia nomino zilizotumika: mtu, mfanyakazi. Katiba inapotaka kusema raia, kama inapozungumzia kura, husema raia.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, ambayo dunia huisifu, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kujiunga na vyama vya wafanyakazi pamoja na vyama visivyo vya kisiasa wala vya kutafuta faida. Kisha sheria hiyohiyo inamkataza kushiriki shughuli za kisiasa ndani ya Uganda, iwe ngazi ya chini au ya taifa. Nao Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza kutumika Julai 2010, unamtambulia mfanyakazi kutoka nchi mwanachama uhuru wa kujumuika na kujadiliana kuhusu masharti ya kazi. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Rwanda, Burundi na Sudan Kusini zilitangulia. Kwa hiyo wengi tunaowaita wageni Kampala ni wananchi wa Jumuiya ambayo wimbo wake tunawafundisha watoto shuleni.

Hapo ndipo Kiswahili hutukasirisha kwa manufaa yetu. Sisi tuna neno moja, chama, kwa chama cha siasa, chama cha wafanyakazi, chama cha ushirika, na hata kile cha akina mama wanaochangiana fedha kila Jumamosi. Sheria inadhani inaweza kuchora mstari katikati ya neno hilo. Lakini wapangaji hamsini wakikutana kuamua kwamba hawatalipa nyongeza ya kodi isiyo halali, je, hiyo ni siasa? Wauza vitenge wakienda pamoja kwa mamlaka ya jiji kuomba mahali pa kuuzia, je, wamevunja sheria au wametumia haki? Katazo lisilo na mpaka ulio wazi hufanya kazi moja tu: humtia mtu woga hata wa lile aliloruhusiwa. Nashauri kwa hiyo mambo mawili kwa pamoja. Haki zilizopo zitumike hadi ukingoni, kwa uwazi na bila kificho. Na raia, ambaye hana katazo hilo shingoni, adai kwa sauti kwamba Bunge lilitengue.

Wapingaji na majibu yao

Mpinzani wa kwanza ataniambia: wageni wakijipanga huleta vita. Atataja kwamba RPF iliundwa Kampala Desemba 1987, na kwamba tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wake walivuka mpaka kuingia Rwanda kwa bunduki. Ni kweli. Lakini asianzie hadithi katikati. Vijana wale walikuwa watoto wa wakimbizi waliokaa Uganda miaka thelathini bila kuwa Waganda, waliofukuzwa mwaka 1982, na ambao wengi waliingia katika jeshi la msituni la Museveni kwa sababu jeshi hilo lilikuwa mahali pa nadra walipohesabika. Mahmood Mamdani, mwanazuoni aliyekulia Kampala na kufukuzwa pamoja na Waasia wenzake, ameeleza kwamba katika maeneo yaliyoshikwa na wapiganaji wale, haki ya kushiriki kamati za kijiji ilifuata makazi na si ukoo. Amani iliporudi, ukoo ukarudi pia. Funzo ninaloliona mimi ni kinyume cha lile la mpinzani wangu: aliyenyimwa kiti barazani ndiye hutafuta mlango mwingine. Anayeogopa bunduki na aogope kwanza baraza tupu.

Mpinzani wa pili ni mfanyakazi raia, naye namheshimu kuliko wote. Anasema: Mkongomani anakubali ujira mdogo, ndiyo maana mimi nafukuzwa. Ndugu yangu, ni kweli kwamba anakubali. Anakubali kwa sababu hawezi kulalamika, na hawezi kulalamika kwa sababu umemwacha peke yake. Bei ya chini haitoki katika damu yake. Inatoka katika woga wake. Ukimfukuza, mwajiri atamtafuta mwenye woga mwingine, labda mpwa wako aliyefika jana kutoka kijijini. Ukimwingiza chamani, woga umekwisha na bei imepanda kwenu nyote.

Kisha mtazame dada yako. Maelfu ya mabinti wa Uganda wanafanya kazi za nyumbani Saudi Arabia, nchi ambayo vyama vya wafanyakazi vimepigwa marufuku. Tunapopokea habari za mateso yao tunauliza kwa uchungu: kwa nini hakuna wa kuwatetea kule? Swali ni zuri. Lakini kule nao huulizwa, "Kwenu wapi?" Hatuwezi kudai Riyadh lile tunalolikataa Makindye.

Mpinzani wa tatu hana sauti kali. Ni mashirika ya hisani, yenye magari meupe na mafunzo ya siku mbili. Hunena juu ya uwezeshaji, hugawa soda na nauli, hupiga picha, kisha huandika ripoti. Sikatai mkate wao. Mwenye njaa haulizi mkate umetoka wapi. Nakataa kitenzi chao. Katika ripoti zao mhamiaji daima yuko katika kauli ya kutendwa: amesaidiwa, amefunzwa, amewezeshwa. Chama cha wafanyakazi humrudisha katika kauli ya kutenda: amedai, amekataa, ameamua.

Mpinzani wa nne ni mhamiaji mwenyewe. Husema, "Mimi napita tu." Amesema hivyo miaka kumi na miwili, watoto wake wanazungumza Kiganda kuliko lugha ya bibi yao. Ana umoja wa kabila lake, wa kuzikana na kuozana, na umoja huo ni wa thamani. Lakini umoja wa kabila humzika mtu vizuri baada ya kufa kwa ujira mdogo. Hauwezi kumwongezea ujira akiwa hai, kwa sababu mwenye nyumba na mwajiri hawako katika kabila hilo, na jirani anayedhulumiwa pamoja naye pia hayumo.

Kazi yenyewe

Siasa ya kushoto katika mtaa haianzi na bendera. Huanza na daftari. Watu kumi wa ua mmoja waandike kodi wanayolipa, lini ilipandishwa na kwa kiasi gani. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa nyongeza ya kodi kwa mwaka, na haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji nje bila amri ya mahakama. Ni wapangaji wangapi wa Katwe wanaolijua hilo? Sheria isiyosomwa kwa lugha ya watu ni sawa na kisima kilichofunikwa.

Baada ya daftari huja kikao, siku moja na saa moja kila wiki, mahali panapojulikana, bila siri ya kumtia mtu matatani. Mwenyekiti abadilike. Mwanamke asipewe kazi ya chai peke yake. Fedha zisomwe mbele ya wote. Tafsiri iwepo, na hapa ndipo Kiswahili kinapofanya kazi kwa sababu si lugha ya mama ya karibu yeyote aliyeketi pale: hakuna anayeshinda kwa kuzungumza, hakuna anayeshindwa kwa kusikiliza.

Baada ya kikao huja chama cha wafanyakazi chenye usajili. Mlango upo. Chama cha usafiri cha ATGWU kiliamua kuwapokea waendesha bodaboda na wengine wasio na mwajiri rasmi, watu ambao zamani vyama viliwaona kuwa hawaandikiki. Kama aliyekuwa haandikiki ameandikwa, basi mponda mawe, mlinzi wa geti na mtembeza vitenge wanaweza kuandikwa pia.

Na kuna sharti moja la heshima. Hatari haigawanyiki sawa. Raia akikamatwa katika maandamano hulala mahabusu, kisha hurudi kwake. Mkimbizi anaweza kupoteza hifadhi yenyewe. Kwa hiyo raia atangulie mbele pale penye hatari, na mhamiaji awe na kura sawa pale penye uamuzi. Anayetaka wahamiaji wajaze uwanja wake huku yeye akibaki na kipaza sauti, huyo si mwenzao. Ni mwajiri wa aina nyingine.

Zoezi la wiki hii

Mwanafunzi wangu, umejifunza ngeli, umejifunza vitenzi, sasa kifanyie Kiswahili chako kazi. Itafute Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Chagua vifungu vitatu: nyongeza ya kodi, kumtoa mpangaji, na risiti za malipo. Viandike kwa Kiswahili chepesi, sentensi zisizozidi maneno kumi na tano, bila istilahi ambayo muuza nyanya hangeielewa. Kisha usiniletee mimi. Vipeleke katika ua wenye wapangaji wa nchi mbili au zaidi, visome kwa sauti, na uliza swali moja tu: "Nani hapa ameongezewa kodi mwaka huu?"

Andika majibu katika daftari, na kabla ya kuondoka waulize watakutana tena lini.